Fundi aliyefunga injini ya dizeli kwenye ndege

Saa moja na dakika kumi asubuhi. Fundi amelala chali chini ya ndege, ni miguu yake tu inayoonekana. Mkononi ana glasi ndogo ya plastiki. Anabonyeza kijibomba kilicho tumboni mwa ndege, mafuta yanachuruzika, glasi inafika nusu.

Anajivuta nje, anasimama, anainyanyua glasi kwenye mwanga wa mlango. Anayatazama mafuta, anayanusa. Kisha anachovya kidole na kudondosha tone moja juu ya kipande cha karatasi nyeupe alichokichana kwenye daftari. Anasubiri.

Tone linatanuka taratibu na kuacha doa, kama karatasi iliyofungiwa kitu kilichokaangwa.

"Ingekuwa petroli, saa hizi ingeshapaa, karatasi ikawa safi kama haijaguswa," anasema bila kugeuka. "Hii imeacha doa. Ni mafuta ya jeti, na ndege hii ndiyo inayoyataka. Kasuku, njoo na wewe."

Kasuku ni rubani, mwanamke wa miaka ishirini na minane, aliyepewa jina hilo kwa sababu kila agizo analopewa kwenye redio hulirudia mara mbili. Anachukua glasi, anachana karatasi yake mwenyewe, anadondosha tone lake mwenyewe. Vipande viwili vinalala sambamba juu ya bawa.

"Doa," anasema Kasuku.

"Doa," anaitikia fundi. "Haya, nenda salama. Na umwambie mkunga wa kule boksi la chanjo liko nyuma ya kiti chako, mtu asije akaliwekea begi juu."

Injini inawashwa. Anayezijua ndege ndogo atashangaa, maana haikohoi wala haipigi chafya kama nyingine zinavyofanya asubuhi. Inanguruma chini kwa chini, ka-ka-ka-ka, kama lori lililosimama nje ya duka likisubiri kushushwa mizigo. Dakika sita baadaye ndege imeshaacha changarawe na kuelekea ng'ambo ya bwawa.

Ni ndege yenye injini ya dizeli. Aliyehangaika mpaka ikafungwa ni mwanamke huyu anayejifuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa zamani shati la mumewe.

Kiwanjani kila mtu anamwita Shangazi, hata waliomzidi umri. Ana miaka hamsini na moja. Ovaroli yake imetiwa viraka magotini na viwikoni mara nyingi hivi kwamba kitambaa cha mwanzo kimebaki mgongoni tu. Miwani ya kusomea inaning'inia shingoni kwa kipande cha waya wa umeme. Mumewe ni seremala, naye husema nyumba yao ina harufu mbili tu, mbao na dizeli, na mgeni akiingia anajua papo hapo nani karudi kazini.

Mahali pake pa kazi ni banda la mabati lenye nafasi ya ndege mbili zikibanana. Ukutani kuna ubao wa spana, kila spana imechorewa umbo lake kwa rangi nyekundu, ili pengo likionekana kila mtu aanze kutafuta. Ndege zote mbili ni za Kapteni, rubani wa miaka sitini na mitatu aliyeanzisha shughuli hii akiwa na ndege moja na deski la kuazima. Zinahudumia vituo vinne ng'ambo ya bwawa kubwa. Kiangazi, gari huchukua saa tisa kuzunguka hadi kituo cha mbali zaidi. Mvua zikianza, barabara inazama na gari haliendi kabisa. Kwa ndege ni saa moja na dakika ishirini.

"Mimi nimekulia ndani ya kelele," anasema Shangazi, akikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Watoto wengine waliamshwa na jogoo. Sisi tuliamshwa na mashine ya baba."

Baba yake alikuwa na mashine ya kusaga nafaka, yenye injini ya dizeli ya silinda moja. Akiwa na miaka tisa, binti huyu aliweza kukaa jikoni na kusema kwamba maji ya kupozea injini yanakaribia kuisha, kwa kusikiliza tu. Hakuna aliyemfundisha. Anasema ilikuwa kama kujua hatua za mtu wa nyumbani anapoingia.

Alipofika miaka kumi na saba, mkanda wa mashine ulimla baba yake vidole viwili vya mkono wa kulia. Mama alibaki na mgonjwa, binti akashika mashine. Wateja walikuja na magunia yao, wakachungulia ndani, wakauliza, "Fundi yuko wapi?"

"Unaongea naye," aliwajibu.

"Nakuuliza fundi, mwanangu."

"Na mimi nakujibu. Lete gunia."

Kutoka hapo alikwenda kwenye gereji ya malori na matrekta, akakaa miaka minane. Ndege hazikuwamo kwenye mawazo yake hata kidogo. Alifika kiwanjani kwa sababu ya jenereta.

"Jenereta langu liliharibika, nikaambiwa kuna mwanamke mmoja gereji ile, dizeli anaijua kuliko aliyeiunda," anasimulia Kapteni, mtu mrefu anayeinama kila anapopita mlangoni hata pale mlango unapomtosha. "Akaja, akalitengeneza. Wakati anaondoka akaniuliza, 'Kaka, mbona ndege yako inakohoa?' Nikamwambia haikohoi. Akasema sawa, akaenda zake. Siku ya tatu ikanizimikia juu ya bwawa."

Kapteni aliiteremsha bila injini kwenye njia ya ng'ombe. Hakuumia. Alirudi kwa miguu na kwa mkokoteni, akaoga, akaenda moja kwa moja gereji kumtafuta yule mwanamke.

Hiyo ni miaka ishirini na minne iliyopita. Mtihani wa leseni ya ufundi wa ndege Shangazi alishindwa mara mbili. "Nilijibu nilivyoona kwa macho yangu, siyo walivyoandika wao," anasema akicheka. Mara ya tatu alipita.

Shida iliyokuja kubadili kazi yake ilianza taratibu.

Ndege ndogo za injini ya kawaida hazinywi petroli ya kituo cha mafuta cha barabarani. Zina petroli yao maalumu, na wanaoitengeneza wanazidi kupungua. Hapa ilifika kwa mapipa juu ya lori, kutoka bandari iliyo mbali. Zamani lori lilikuja kila mwezi. Likawa la miezi miwili. Kisha likawa la kupigiwa simu na kubembelezwa. Katika miaka minne bei ya pipa ilipanda mara tatu.

Ili msomaji aelewe uzito wa jambo hili: mshahara wa mwezi wa Shangazi, fundi mkuu mwenye leseni, haununui pipa moja la petroli hiyo. Na ndege moja hulimaliza pipa hilo chini ya saa sita angani.

Kapteni aliuza ndege ya tatu. Wafanyakazi wakapungua kutoka kumi na mmoja hadi watano. Kituo cha mbali, kilichozoea kuona ndege mara tatu kwa wiki, kikaanza kuiona mara moja, Jumatano, na wiki nyingine isiwepo kabisa. Nauli ilipanda hadi mwalimu aliyekwenda likizo akawa anafikiria mara mbili kama arudi.

Mkunga wa kituo hicho, mwanamke mwenye sauti ya chini aliyepatikana kwa simu, anaikumbuka miaka hiyo vizuri. "Nilikuwa namwambia mama mjamzito, jitahidi uumwe Jumatano," anasema. "Tunacheka wote wawili. Lakini mimi nikiingia ndani, sicheki."

Mwisho Kapteni aliwaita wote watano chini ya bawa, akawaambia anafunga. Angerusha mpaka mapipa yaliyokuwa stoo yaishe, basi.

Kesho yake Shangazi alikuja na daftari la shule lenye jalada la bluu. Kwa zaidi ya mwaka alikuwa akisoma, kwa miwani yake na kamusi, kila alichopata kuhusu injini za dizeli zinazofungwa kwenye ndege ndogo. Injini hizo hazihitaji ile petroli adimu. Zinachoma mafuta ya jeti, ndugu wa karibu wa mafuta ya taa, yale yanayotumiwa na ndege kubwa za abiria. Na mafuta ya jeti hayakuwa adimu. Yalipatikana uwanja mkubwa, mwendo wa saa mbili kwa lori.

"Nilimweleza hivi," anasema. "Injini yako ya sasa inakunywa lita thelathini na tano kwa saa. Ya dizeli itakunywa ishirini. Na kila lita ya haya mafuta mengine haifiki nusu ya bei. Piga mwenyewe hesabu."

Kapteni alipiga. Kisha akafunga daftari. "Shangazi, unataka nirushe trekta?"

"Trekta halijawahi kukuacha njiani, Kapteni. Hii ndege yako imeshakuacha mara tatu."

Kapteni anakiri kwamba alikasirika. Alikaa siku mbili bila kumsemesha. Siku ya tatu alimkuta ameshapima kwa futi kamba nafasi yote ya pua ya ndege, amechora kwenye karatasi za kaki mahali rejeta itakapokaa. Fedha za ile ndege ya tatu zilikuwa bado benki, zikingoja kulipia mafuta ambayo yangeisha baada ya miezi michache. Kapteni akaamua zinunue injini.

Injini iliwasili kwenye kreti yenye ukubwa wa kitanda cha mtoto. Watengenezaji walituma mafundi wawili. Walitegemea kukaa siku ishirini wakifundisha, wakaondoka siku ya kumi na mbili. Mmoja wao alimwachia Shangazi seti yake ya spana ndogo, bila maneno mengi.

Haikuwa kazi ya kutoa hii na kuweka ile. Injini ya dizeli ni nzito zaidi, kwa hiyo mzigo wa abiria ulipungua karibu nusu mtu. Inapozwa kwa maji, kwa hiyo kuna rejeta na mipira yake. Haina plagi za kuwasha moto, mafuta yanawaka yenyewe kwa kubanwa, ila inaongozwa na kompyuta, na kompyuta ikikosa umeme injini inazima. Shangazi anazichunga betri zake mbili kama mtu anayechunga mayai.

Siku ya kuiwasha mara ya kwanza, saa nne asubuhi, wote watano walisimama nje. Propela ilizunguka, injini ikashika, ikaanza ile ka-ka-ka-ka yake ya baridi. Kapteni aligeuka kumtazama fundi wake, akamkuta amejishika kiuno, machozi yanamtiririka.

"Nini tena?" alimuuliza.

"Hakuna kitu. Unasikia maji yako sawa?"

Hakuwa akizungumza na Kapteni. Baba yake alikuwa amefariki miaka sita kabla.

Miezi iliyofuata ilileta kile daftari lilichosema. Gharama ya mafuta kwa saa moja angani ilishuka ikawa robo na ushei ya ile ya zamani. Kituo cha mbali kikarudishiwa safari mbili kwa wiki. Nauli ikapungua kwa theluthi. Karatasi za mitihani zilifika kwa wakati, na mkunga aliacha ule utani wake wa Jumatano.

Makala nyingi zingeishia hapa. Shangazi mwenyewe ndiye aliyekataa tuishie hapo. "Ukiandika la injini, andika na la mkono wangu," alisema. "Usipoliandika, bora usiandike kabisa."

Ilikuwa mwezi wa kumi na nne tangu injini ifungwe, msimu wa mvua. Ndege ya dizeli ilikuwa imekwenda kituo kingine na Kapteni. Saa mbili na nusu asubuhi mkunga alipiga simu: ana mama ambaye uchungu umekwama tangu jana, mtoto amekaa vibaya, anahitaji upasuaji. Ndege iliyobaki ilikuwa ile ya pili, yenye injini ya petroli. Kasuku akaanza kujiandaa. Mzee anayeshika pampu alikuwa mapumzikoni, hivyo Shangazi alijaza mafuta mwenyewe.

Kwenye viwanja vikubwa mdomo wa mpira wa jeti ni mpana, hauingii kwenye tangi la petroli hata ulazimishe. Hapa walikuwa na mapipa, pampu ya mkono na mipira miwili inayofanana.

Akiwa juu ya ngazi, simu yake iliita. Jirani wa mama yake. Mama ameteleza uani, hawezi kunyanyua mkono, analia.

"Nilikuwa nasikiliza simu kwa sikio moja huku nazungusha pampu," anasema. "Pipa nililolivuta lilikuwa la jeti. Nikatia lita arobaini kwenye ndege ya petroli. Nikafunga kifuniko, nikamwonyesha Kasuku dole gumba."

Na ile karatasi? Wakati huo kipimo cha tone kilikuwa kinafanywa pale mzee wa pampu anapojaza, Shangazi akikagua. Siku ile aliyejaza ni yeye.

"Sikupima. Nilijiamini. Nani atanikagua mimi?"

Ndege ikaondoka kwenye maegesho. Mafuta mabaya hayafiki injini mara moja. Iliyomo kwenye mabomba ni petroli ile ya zamani, inatosha kwa dakika kadhaa, inatosha kabisa kuruka na kufika juu ya maji. Shangazi alikuwa anatembea haraka kuelekea getini, akampigie mama yake. Alipoinua simu sikioni, mkono ukapita puani.

Mkono ulinuka mafuta ya taa.

"Nilisimama. Nikaunusa tena. Nikasema, hapana. Nikaunusa mara ya tatu, kama mpumbavu. Kisha nikakimbia."

Hakuwa na redio. Kasuku alikuwa tayari mwisho wa njia, amegeuza ndege, anaongeza nguvu. Alichokiona kilikuwa mwanamke mnene akija katikati ya njia ya kurukia, kilemba chake mkononi, anakipunga juu kama mtu anayefukuza ndege shambani.

"Nilidhani amerukwa na akili," anasema Kasuku. "Kweli kabisa. Nikapiga honi, halafu nikakumbuka ndege haina honi, nimebonyeza kitufe cha redio. Nikafunga breki. Alikuwa amefika karibu hivi, unaona ule mlango? Hivyo."

Shangazi alipiga magoti kwenye changarawe. Alikuwa anaonyesha tu mkono wake.

Hakuna aliyeumia. Lakini kulikuwa na mama upande wa pili anayesubiri, na ndege pekee iliyokuwepo haikuweza kuruka. Kasuku alimwita Kapteni kwa redio, Kapteni akakatisha safari yake, akarudi, akaongeza mafuta, akaenda. Mama yule alifika hospitali saa kumi na moja jioni badala ya saa sita mchana. Alipasuliwa. Yeye yu hai, na mtoto wake wa kike sasa anasimama kwa kushika viti.

"Saa tano zile," anasema mkunga kwenye simu. "Mimi simlaumu. Lakini kuzisahau, siwezi."

Kapteni aliporudi alimkuta Shangazi kwenye ngazi ya ofisi.

"Nani kajaza?"

"Mimi."

"Pampu iliharibika? Pipa halikuandikwa?"

"Pampu nzima. Pipa limeandikwa. Ni mimi, Kapteni."

Anasema alijua kwamba anatupiwa kamba, na alijua kwamba angeishika hakuna ambaye angejua. Usiku haukuwa umeingia alipokuwa ameshaandika taarifa ya kurasa mbili kwa mamlaka ya usafiri wa anga, kwa mkono wake, na jina lake chini. Leseni yake ilisimamishwa miezi mitatu. Ndege ya petroli ilikaa chini wiki tatu, matangi na mabomba yakisafishwa.

Maneno yakaanza. Kaka wa Kapteni, mwenye hisa kidogo kwenye shughuli hii, alikuja na kusema kwamba tatizo ni hiyo dizeli yenyewe. Kabla yake kulikuwa na mafuta ya aina moja, hakuna wa kukosea. Iuzwe. Kapteni alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza kama anakumbuka kwamba mwaka ule kabla ya dizeli walikuwa wanafunga. Kaka hakuja tena.

Shangazi hakula siku mbili. Mama yake, mwenye miaka sabini na minane na mkono uliofungwa plasta, alimwita akae mbele yake.

"Umekosea?"

"Nimekosea, mama."

"Umesema?"

"Nimesema."

"Walio kwenye ndege wako wapi?"

"Wazima."

"Basi vuta sahani hiyo. Mimi nina mkono mmoja, siwezi kukulisha."

Kwa miezi mitatu fundi mkuu alikuwa haruhusiwi kugusa bolti ya ndege. Alikuja kazini kila siku. Kapteni aliendelea kumlipa nusu mshahara, na Shangazi anasema alijisikia vibaya kuupokea, akaupokea. Alifagia. Alipaka mapipa rangi, ya jeti meusi, ya petroli mekundu, akayatenga yasikae tena banda moja. Kisha akaenda kwenye gereji yake ya zamani, akakata bomba, akaligonga mpaka likawa bapa, akalichomelea kwenye mpira wa jeti. Mdomo huo sasa hauingii kwenye tangi la petroli. Wakaguzi wa mamlaka walipokuja kumrudishia leseni waliutazama, wakaupiga picha, wakaagiza wa kiwandani wenye cheti uwekwe mahali pake. Umewekwa. Ule wa kwake bado uko kwenye droo.

Na tangu hapo kila ndege hupimwa na watu wawili, kila mmoja na karatasi yake, haijalishi aliyejaza ni nani. Ndiyo sababu Kasuku alikuwa na tone lake asubuhi ya leo.

Nilimuuliza kama, baada ya yote hayo, bado anaitetea dizeli.

"Dizeli si muujiza," alijibu, na akanivuta hadi mbele ya ndege ya petroli, halafu akanionyesha kwa mikono mahali panapokuwa na giaboksi kwenye ile nyingine. Injini ya dizeli inazunguka haraka kuliko propela inavyotakiwa, kwa hiyo katikati kuna giaboksi ya kupunguza mwendo. Kila baada ya saa mia sita za kuruka lazima ifunguliwe na kukaguliwa na mtu mwenye kibali cha watengenezaji. Hapa karibu mtu huyo hayupo. Giaboksi inafungwa kwenye boksi la mbao na kusafirishwa nje ya nchi. Safari ya mwisho ilichukua wiki saba.

Wiki saba hizo ndege ya dizeli ilikaa kama samani. Petroli ikanunuliwa tena kwa mapipa, kituo cha mbali kikarudi safari moja. "Tulichookoa kwenye mafuta miezi minane, nikakiona kinaondoka kwenye wiki saba," anasema. "Nikasema hapana. Hili nalo lina dawa."

Aliwaandikia watengenezaji. Aliandika mara nne. Barua ya kwanza haikujibiwa. Ya pili ilijibiwa kwamba mafunzo ni kwa vituo vikubwa. Kwenye ya tatu aliambatanisha picha kumi na tisa za kazi yake, pamoja na taarifa ya kosa lake, yote, kurasa mbili. Mumewe alimwambia amechanganyikiwa, nani anaomba nafasi kwa kutaja dhambi zake? Alijibu kwamba wataisikia tu, bora waisikie kwake.

Ya nne ilikuwa ya kushukuru. Wamemkubali. Mwezi ujao anakwenda kwenye mafunzo ya wiki nne, gharama ya masomo juu yao, nauli juu ya Kapteni. Akipita mtihani, atakuwa na kibali cha kufungua giaboksi za injini ya aina hiyo hapa hapa. Kwa hesabu yake, wiki saba zitakuwa siku nne. Kuna wenye ndege wengine watatu, ng'ambo na ng'ambo, ambao wameshapiga simu kuuliza: je, akirudi na kibali, na wao wafunge dizeli? Anawajibu wasubiri kwanza apite. Kushindwa mtihani anakujua.

Pasipoti imetoka juzi. Katika miaka ishirini na minne ya kutengeneza ndege, hajawahi kupanda moja kama abiria aliyelipiwa tiketi. Amewauliza watu wanavaa nini.

Mchana unapoingia, Shangazi anachukua chaki na futi kamba, anapiga magoti kwenye kona ya karakana, upande wenye dirisha. Anapima mita mbili kwa moja na nusu, anachora mstari mnene sakafuni, pande zote nne. Hapo ndipo itakapokaa meza ya giaboksi. Mumewe ameshachagua mbao, na ameambiwa miguu iwe sita, siyo minne.

"Kuanzia leo hapa hapapitwi," anatangaza. "Vumbi sitaki, viatu sitaki."

"Meza yenyewe haipo," anasema Kapteni kutoka mlangoni.

"Itakuja. Nafasi inaanza kwanza."

Kapteni anataka kofia yake, iliyoning'inia msumarini upande wa pili wa kona. Anaitazama kofia. Anautazama mstari. Banda ni lake, ndege ni zake, na sakafu yenyewe aliimwagia saruji kwa mkono wake mwenyewe. Anainama kwa mazoea, anazunguka chaki yote, pembe baada ya pembe, na kuifikia kofia kwa kunyoosha mkono.

Shangazi ameshamgeuzia mgongo. Anafungua daftari jipya, anavaa miwani, anaanza kusoma.